Kuhusu lile neno, kuhoji

Arua

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imeanza na mtaa mzima ni tope. Barua yako nimeipata, na pole kwa habari za shangazi. Mtu kaitwa kituoni awe shahidi tu wa ng'ombe walioibiwa, naye kagoma kula kwa sababu mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kamwambia, "Polisi wanataka kukuhoji."

Usimcheke. Waliokuwa watu wazima enzi za Amin wanakumbuka Nakasero, makao ya majasusi wake kule Kampala, na waliopelekwa kule kuulizwa maswali wasirudi. Isitoshe, Kiswahili wengi wao walikisikia kwanza mdomoni mwa askari. Neno likiingia nyumbani na buti, linabaki na buti.

Uliniuliza asili yake. Kuhoji ni ndugu wa hoja, na hoja ni ile "hujja" ya Waarabu, yaani ushahidi au jambo la kuthibitisha dai. (Mzizi huohuo umezaa hija. Mwambie shangazi, atafurahi.) Kwa hiyo anayekuhoji, kwa haki ya neno lenyewe, anakudai hoja, na anakuchukulia kuwa unazo. Tena likitiwa -ana linakuwa kuhojiana: nawe unamuuliza yeye. Saili ni jamii nyingine, imetoka kwenye mzizi uliotupa swali. Watanzania wamelipeleka kwenye kutafuta kazi, wanaita usaili.

Wazungu ndio waliochafua maneno yao. Kilatini kilikuwa na "quaestio", swali au uchunguzi, lakini katika mahakama za Roma neno hilohilo lilitumika pia kwa kumtesa mtu ili aseme, na aliyeteswa hasa alikuwa mtumwa. Wafaransa wakalirithi: "la question" mahakamani kwao ilikuwa mateso, hadi mfalme Louis XVI alipoyafuta kwa awamu mbili, 1780 na 1788. "Inquisitio" nayo ilikuwa kutafuta na kuchunguza tu. Papa Gregory IX akaanza kuteua wachunguzi wa uzushi wa dini miaka ya 1230, Innocent IV akaruhusu mateso mwaka 1252, na Hispania ikawa na baraza lake tangu 1478 hadi 1834. Baada ya hapo nani angelisikia neno hilo asishtuke?

Sisi tuliyapata mateso bila neno letu kubadilika maana, nami naona hiyo ni heri. Na sheria iko upande wa shangazi: Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 24, inakataza mateso, na cha 44 kinasema katazo hilo haliondolewi kwa sababu yoyote. Mwaka 2012 ikaongezwa sheria nzima ya kupinga mateso. Najua karatasi si kituo cha polisi, ndiyo maana nasema usimwache aende peke yake.

Nenda naye. Ulizeni mapema anaitwa kama shahidi au mshukiwa, na jina la afisa mliandike. Maelezo yakishaandikwa asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba, na pale walipokosea aseme warekebishe. Na ale kwanza, maana vituoni watu husubiri mno.

Hukuniambia: ng'ombe wenyewe wamepatikana?

Ni mimi rafiki yako.