Kwa Nini Hatupimi Mgongo Peke Yake

Lalamiko hili limerudi tena wiki hii kwenye kituo chetu cha kupima mifupa, na safari hii mteja alituambia mbele ya watu kwamba tunanyonya wazee. Alimleta mamake kutoka Kayole, hapa Nairobi. Mama anaumwa na mgongo, kijana akataka tupime mgongo tu kwa nusu bei. Tulipomwambia mtu wa umri ule tunampima mgongo na nyonga, akaona ni njama ya kumlipisha mara mbili. Tumeona tuandike, maana kueleza pale kaunta foleni ikingoja hakutoshi.

Kwanza, deksa, mashine yetu ya kupima madini ya mifupa, haipimi maumivu. Mfupa unaopungua madini hauumi. Huuma siku ukivunjika, au pingili ya mgongo ikishabonyea na mtu kuanza kuinama na kupungua kimo. Mashine hupitisha miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti na kuhesabu gramu za madini katika kila sentimita mraba ya mfupa. Hesabu hiyo hulinganishwa na ya mtu kijana, na hapo ndipo panatoka alama ya T. Mipaka iliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994: -1 kwenda juu ni kawaida, -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi, katikati ni mfupa ulioanza kupungua. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi, au mwanamume ambaye hajafika miaka 50, tunamsomea alama ya Z, inayomlinganisha na wenzake wa rika lake.

Sasa, kwa nini si mgongo tu? Kwa sababu mgongo wa mzee hudanganya. Pingili huchakaa zikaota mifupa midogo pembeni. Mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele yake nao hujaa chokaa. Mashine huhesabu vyote hivyo kama mfupa. Pingili iliyobonyea ndiyo mbaya zaidi: madini yaleyale yamebanwa mahali padogo, kwa hiyo namba inapanda wakati mfupa umeshavunjika. Tulimpima mzee mmoja wa Ngara aliyepita miaka 70, mgongo wake ukasoma vizuri kama wa kijana. Nyonga ilikuwa chini ya -3. Angepimwa mgongo pekee angekwenda nyumbani na karatasi ya kumsifu. Daktari hutoa uamuzi kwa kufuata namba ya chini kabisa kati ya mgongo, nyonga nzima na shingo ya fupa la paja, na ukiondoa sehemu moja umemnyima jibu. Nyonga ikishindwa kupimika, pengine kwa sababu ina chuma cha upasuaji, tunahamia kwenye mkono.

Wengine huja na jibu la kisigino. Kuna mahema ya afya mjini ambako unaweka mguu kwenye kikasha, dakika moja, unapewa karatasi. Kipimo kile hutumia mawimbi ya sauti. Hatukidharau, kinaweza kusaidia kumchagua mtu anayefaa kwenda kupimwa kikamilifu. Lakini ile mipaka ya -1 na -2.5 haikuwekwa kwa ajili yake, na hakifai kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Mama mmoja wa Pangani alikuwa amekula prednisoloni, dawa inayodhoofisha mifupa ikitumiwa muda mrefu, kwa miaka kwa sababu ya baridi yabisi. Hema likamwambia mifupa yake ni imara, akaridhika. Alikuja kwetu baada ya kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu jikoni. Gharama ya plasta, teksi za kwenda kliniki na miezi ya kutofanya biashara yake haikaribiani na bei yetu hata kidogo.

Njia ya mkato inayotuumiza roho zaidi ni kuhamahama. Mteja wetu mmoja wa Buruburu alianza sindano za kuimarisha mifupa, na mwaka uliofuata akapimwa kwingine kwa sababu palikuwa na nafuu ya bei. Ripoti ikaonyesha madini yameshuka kwa zaidi ya asilimia 10. Akaamua dawa imeshindwa, akaacha sindano. Aliporudi alikuwa na hasira na kila mtu, sisi tukiwemo. Mashine yetu ni ya chapa ya Lunar, kule alipimwa kwa ya chapa ya Hologic. Mashine hizi mbili zote ni nzuri, ila mgongo uleule husomeka juu zaidi kwenye Lunar, na pengo hilo linaweza kupita asilimia 10. Tulipompima tena mezani kwetu, hakuwa ameshuka. Amelipa mara tatu kwa jibu ambalo angelipata kwa mara mbili, na sindano zilikatika katikati. Hata kwenye mashine ileile na mpimaji yuleyule, badiliko la chini ya karibu asilimia 3 kwenye mgongo hatuliiti badiliko. Ndiyo maana mtu akija baada ya miezi minne tunamrudisha nyumbani, labda daktari wake awe na sababu maalumu.

Mnasema dakika kumi mezani hazistahili pesa hizo. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza tunapima kielelezo cha uti wa mgongo chenye kiasi cha madini kinachojulikana na kuandika namba kwenye chati. Ikipotoka kupita asilimia 1.5, hatupokei mtu mpaka fundi aje. Stima ikikatika na kurudi, tunapima upya. Ukilala, miguu inainuliwa juu ya boksi ili mgongo unyooke. Kwa nyonga, mguu mzima unageuzwa ndani digrii 15 hadi 25 na kufungwa. Usipogeuzwa vizuri, shingo ya fupa inaonekana fupi na namba inaharibika. Radiografa wetu akiona picha imekaa vibaya anakulaza upya, bila malipo mengine. Kazi hiyo ndiyo mnayoilipia, pamoja na leseni ya mionzi. Na mionzi yenyewe ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua, ingawa mjamzito hatumpimi.

Vijana wa jimu wanaokuja kupima mafuta na misuli, nanyi kuna jambo. Msituombe tumfanyie mama skani hiyo yenu ya mwili mzima ili apimwe mifupa kwa bei yake. Namba ya mifupa inayotoka humo haitumiki kuamua osteoporosisi kwa mtu mzima. Na kwa upande wenu, maji huhesabiwa pamoja na misuli. Aliyekuja asubuhi bila kula, akarudi mwezi uliofuata jioni akiwa ametoka mazoezini na chupa nzima ya maji tumboni, ataona misuli iliyoongezeka ambayo haipo. Njoo saa ileile, kabla ya kula, kabla ya mazoezi.

Mkija, acheni vidonge vya kalsiamu siku moja kabla. Aliyekunywa dawa ya bariamu au kudungwa dawa ya picha ya CT atuambie, tumpangie siku nyingine. Zipu, ndoano za sidiria, mkanda na sarafu vinatolewa, na shanga za kiunoni pia, maana zinakaa palepale tunapopima. Kuna chumba cha faragha na leso. Leteni ripoti ya zamani yenye picha zake, si ukurasa wa mwisho pekee, na majina ya dawa zote mnazotumia. Kama ripoti hiyo ilitoka kwenye mashine ya Hologic na kliniki ile bado inafanya kazi, tutawaambia mrudi huko mkapimwe.