Wale 27 wa OTC mbona hatuwataji?

Mhariri,

Kila mwezi wa tatu ukifika magazeti huandika habari ya JM Kariuki, yule mbunge aliyeuawa 1975, na mimi huzisoma zote manake nilikuwa mtoto Nairobi wakati huo na JM alipendwa nyumbani kwetu kama ndugu. Lakini kuna kitu huniuma. Kwa kila stori kuna mstari mmoja tu, unasema siku moja kabla JM apotee bomu lililipuka kwa basi pale OTC, steji ya basi hapa Nairobi, na watu 27 wakafa, halafu mwandishi anaendelea na hoteli ya Hilton alikoonekana mwisho na Ngong mwili wake ulikopatikana. Mimi hukwama hapo kwa huo mstari.

Sisi tulikuwa tunaishi Muthurwa, zile nyumba za reli, baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Kutoka kwetu mpaka OTC hata si safari, mtoto anatumwa na anarudi. Basi za Mombasa zilikuwa zinaanzia pale na watu walikuwa wanakuja na mizigo yao, magunia, kuku, watoto wamebebwa mgongoni, kila mtu na shughuli yake. Jumamosi hiyo, tarehe 1 Machi 1975, ulipolipuka ule mlio mama alituingiza wote nyumbani na kufunga mlango, baba akatoka mbio akaenda kuangalia, na aliporudi hakutuambia kitu, alikaa tu kwa kiti na shati lake tukaliona limechafuka. Kesho yake ndio tukasikia watu wazima wakisema wamekufa wengi na walioumia ni wengi zaidi.

Mama mmoja jirani yetu alikuwa ameenda kumsindikiza mtu wake. Hakufa, lakini mguu wake haukupona vizuri, akawa anachechemea mpaka sisi tukahama Muthurwa. Huyo mama alikuwa akisikia watu wanaongea habari ya JM anauliza, na sisi, nani aliulizia habari yetu? Nilikuwa mdogo, sikujua uzito wa hilo swali. Sai najua.

Sisemi JM asiandikwe, hapana. Ile ilikuwa dhambi kubwa sana kufanyika katika mji mkuu wetu. Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mtu aliyewekwa kizuizini na mkoloni, mtu aliyekuwa katibu binafsi wa Mzee Kenyatta, anatoka Hilton mchana wa Jumapili tarehe 2 Machi na Ben Gethi, mkubwa wa GSU, kile kikosi maalum cha polisi, watu wanaona, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Mchunga mifugo wa Kimaasai akauona mwili vilima vya Ngong, ukapelekwa City mochari ukalala pale kama wa mtu asiyejulikana, na wakati huo huo mjini watu wanaambiwa ati JM yuko Zambia, gazeti likaandika hivyo na watu wakaamini kwa sababu gazeti ni gazeti. Mpaka tarehe 11 ndio familia ikamtambua. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, na hata sisi wa shule ya msingi tulijua jina la JM.

Na angalau kwa JM kuna watu walijaribu. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, wakahoji watu, Juni wakaleta ripoti ikawataja wakubwa wa polisi kwa majina, hata kama kuna majina mawili ya watu wa karibu na Ikulu yaliyoondolewa kabla ya kusomwa. Masinde Muliro alikuwa waziri, akapiga kura kuunga ripoti mkono akafutwa kazi, John Keen na Peter Kibisu, mawaziri wasaidizi, nao pia wakafutwa. Hao watu walilipia, na hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo cha JM mpaka leo. Lakini karatasi ipo, mtu akitaka kujua kilichosemwa atasoma.

Sasa niambie, Mhariri, wale 27 wana karatasi gani? Kabla ya hiyo Machi kulikuwa na mabomu mengine mjini, mwezi wa pili, na mtaani kulikuwa na minong'ono ya kila aina, wengine wanasema ni watu wa JM, wengine wanasema ni serikali yenyewe inatafuta sababu ya kumshika, kila mtu na yake na watu walikuwa wanaongea chini chini wakiangalia nyuma. Halafu JM akapatikana amekufa na bomu likasahaulika hivyo tu. Hasira yote ya nchi ikaenda Ngong, na nilivyoona mimi OTC ikabaki na damu yake ikaoshwa na basi zikaanza kupakia tena.

Na mpaka leo zinapakia! Ukishuka pale utasikia makanga wanaita OTC OTC na vijana wanapanda, na nikiwauliza hilo jina OTC linawakumbusha nini wananiambia ni steji tu mzee. Siwalaumu, nani amewaambia? Mimi katika miaka yote ya kupita pale sijaona hata kibao.

Si kwamba mji huu haujui kukumbuka. Panda na Ronald Ngala utokee Moi Avenue, utamkuta Tom Mboya amesimamishiwa sanamu karibu na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Shuka na Moi Avenue mpaka kona ya Haile Selassie, utakuta bustani ya wale waliokufa kwa bomu la ubalozi wa Marekani 7 Agosti 1998, zaidi ya 200 hapa Nairobi, na majina yao yameandikwa kwa ukuta, nimeona watu wakiweka kidole kwa jina moja na kulia. Hilton yenyewe ilifungwa mwisho wa 2022 lakini bado mtu akipita anaonyesha mtoto wake, hapa ndipo JM alionekana mara ya mwisho. OTC si mbali na hapo kote. Wale 27 nao walikufa kwa bomu, ndani ya mji huo huo, na walikuwa abiria wa kawaida waliolipa nauli yao.

Ombi langu ni mbili. Kwa kaunti ya Nairobi, wekeni jiwe pale steji, hata dogo, liwe na tarehe 1 Machi 1975 na majina. Na kwenu wahariri, nyinyi ndio mna magazeti ya zamani kwa maktaba zenu, fungueni ya ile wiki ya kwanza ya Machi muangalie kila jina la marehemu mtakalopata, mlichapishe tena mwaka huu, pembeni ya stori ya JM. Kama kuna familia iko mahali, Mombasa ama Machakos ama Voi, iliyopoteza mtu kwa ile basi, waandike kwa gazeti hili watuambie alikuwa nani na alikuwa anaenda wapi. Mimi nitasoma.

Mtoto wa Muthurwa, sasa mzee,
Nairobi