Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: tupimiwe na mafuta ya damu, si sukari peke yake

Ndugu Mganga Mkuu, salaam.

Binti yangu ana kisukari aina ya kwanza, anachoma insulini tangu shule ya msingi. Ukifungua daftari lake la kliniki, safu ya sukari imejaa tarakimu. Kolesteroli na triglisaridi, yaani mafuta ya kwenye damu, patupu. Kwenye macho pameandikwa mara moja tu: "Hana malalamiko."

Angelalamika nini? Jicho la kisukari huharibika bila kuuma. Sukari ikikaa juu miaka mingi, vimishipa vya nyuma ya jicho huanza kuvuja, na mafuta ya kwenye damu hupenya yakaacha madoa ya njano kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Yakifika katikati, kusoma kunakuwa shida. Sukari ndiyo mkosaji mkuu, sibishi. Ila triglisaridi zikipanda kwa kijana wa aina ya kwanza, mara nyingi insulini haimtoshi, na hilo daktari angependa kulijua mapema.

Kipimo chenyewe cha mafuta tunaambiwa tuje bila kula. Jamani! Mtoto wa insulini atoke Tarakea, kule Rombo, na gari la alfajiri, akae foleni na njaa mpaka saa tano? Sukari itamshuka hapohapo kwenye benchi. Tangu 2016 wataalamu wa Ulaya walishakubaliana kwamba kipimo cha kawaida cha mafuta hakihitaji mtu afunge. Hurudiwa kwa njaa pale tu triglisaridi zinapotoka juu sana. Waraka wa ukurasa mmoja kwa maabara unatosha.

Dawa siombi. Nimesoma kuhusu fenofibreti, dawa ya kushusha mafuta ya damu, na utafiti wa Uskoti wa 2024, ambako ilipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa macho kwa asilimia 27 hivi, lakini wengi waliochunguzwa walikuwa wa aina ya pili. Hayo mtayapima ninyi.

Ninachoomba, pamoja na kipimo hicho cha mafuta, ni picha ya retina ipigwe siku ileile ya kliniki, kwa kila kijana aliyefikisha miaka mitano na ugonjwa. Matone ya kutanua mboni yanayotumika kwenye uchunguzi huo humwachia mtu ukungu kwa saa kadhaa na jua halitazamiki, kwa hiyo lazima asindikizwe. Akipangiwa tarehe nyingine, ni nauli ya watu wawili upya, na wazazi wa Rombo wengi hawarudi. Madaktari wa macho wapo hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC. Iliyobaki ni ratiba.

Jibu naomba libandikwe kwenye mbao za matangazo za kliniki, maana wazazi wengi hawana simu za intaneti.

Mzazi, Pasua, Moshi