Shukrani kwa dada wa chupa ya maji

Dada muuguzi uliyekuwa zamu usiku ule, jina lako sikuliuliza, na hadi leo najilaumu. Mwanangu alikuwa anahema mbavu zikibonyea ndani. Inhela, kile kikopo cha dawa ya pumu ya kuvuta, ninayo mkononi, ila kila nikiipuliza dawa inaishia mashavuni. Ukaniomba ile chupa ya nusu lita niliyokuwa nakunywa. Ukapasha waya moto, ukatoboa kitako, ukachomeka inhela na kuzungushia plasta hewa isivuje. Mdomo wa chupa ukamwekea mtoto mdomoni. "Mwache apumue tu, mama, usimkimbize." Kabla hakujapambazuka mtoto akaomba uji!

Mimi nikadhani ni ubunifu wa kukosa vifaa. Kumbe, ulivyonieleza huku ukiandika faili, chupa hiyo ilipimwa Cape Town na daktari mtafiti wa mapafu ya watoto, Profesa Heather Zar, na wenzake, wakachapisha mwaka 1999. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya inhela. Kikombe cha povu, nacho walikijaribu, kilizidiwa. Tangu hapo namfuatilia huyo mama. Ndiye pia aliyeonyesha kwamba hata mtoto mchanga anaweza kutolewa makohozi ya kupima kifua kikuu kwa kuvutishwa mvuke wa maji ya chumvi, badala ya kuingizwa mpira tumboni kwa asubuhi tatu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi.

Chupa yako bado tunayo, plasta nimeibadili mara mbili. Asante sana, dada. Ukipita Mbagala, uji upo.