Jongoo wa Bamburi wametuonyesha njia

Mhariri,

Wapo wanaodai kwamba mazingira yameshaharibika kiasi kwamba kuyarekebisha ni kazi bure. Siafiki hata kidogo. Waende Bamburi, Mombasa.

Pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji: jua kali, maji ya chumvi chini, udongo hakuna. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo ya saruji, alianza kupanda miti. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, na yasipooza udongo utatoka wapi? Akaleta jongoo, hawa hawa ambao watoto huwachokoza njiani. Wakayatafuna yale majani, kinyesi chao kikawa mboji, na miti mingine ikapata pa kuotea. Leo ni msitu wenye ndege, twiga na viboko.

Tusijidanganye, lakini. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na kiumbe aliyekwisha kutoweka duniani harudishwi na yeyote. Ila uwezo tunao. Inaniuma kuona machimbo mengine yameachwa wazi, yanajaa maji ya mvua, na watoto wanaogelea humo.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mharibifu aamriwe kurejesha alichoharibu. Itumike! Tena kila anayeomba kibali cha kuchimba mawe aweke kwanza fedha za kuirekebisha ardhi hiyo, kabla tingatinga halijaingia.

Msomaji,
Kisauni, Mombasa