Ukoka wa Pembeni mwa Ukuta

Mbeya, 12 Julai

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mbeya. Sisi wazima, ila baridi inatutesa. Asubuhi watoto hawatoki bila sweta mbili. Asanteni sana kwa mlivyotupokea Mafinga. Maharage aliyotufungia Baba Neema bado tunakula.

Tangu nirudi nauwaza ukoka wako unaogeuka njano. Ulisema mwisho wa mwezi utanunua mfuko wa Urea, ile mbolea ya naitrojeni. Nakuomba usinunue kwanza, maana naamini pale kwako kuna matatizo mawili, na hakuna hata moja linalodai Urea.

Unakumbuka jioni ile nilipong'oa ukoka pembeni mwa ukuta wa jikoni? Nilikuja nao hapa nikautazama vizuri juani. Majani ya chini, yaliyozeeka, bado ni ya kijani. Yaliyopauka ni machanga, na hata hayo mishipa yake imebaki kijani. Ukoka ukikosa naitrojeni hauwi hivyo. Mmea huitoa naitrojeni kwenye majani ya zamani ukayalisha machanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Madini ya chuma hayahamishiki kirahisi. Yakikosekana, yanayoumia ni machanga. Mabuu nayo nimeyaondoa kwenye hesabu: wangekuwa wamekata mizizi, kipande kizima kingenyanyuka kama mkeka, na ule wako nilihangaika kuung'oa.

Sasa, chuma hakijaisha ardhini kwenu. Wekundu wa udongo ule ni chuma hichohicho. Kuna kitu kinakizuia, na nadhani nakijua. Tazama tena picha mliyotutumia mkijenga: mafundi wanachanganyia zege na lipu palepale, nyuma ya jiko. Saruji ina chokaa nyingi. Udongo ukishajaa chokaa, uchachu wake hupotea, na chuma hujifunga, mizizi isiweze kukifyonza. Ndiyo maana njano ile inaishia ghafla hatua chache kutoka ukutani, na ng'ambo yake ukoka ni wa kawaida.

Hakikisha mwenyewe. Chimba kina cha kiganja. Ukikuta vibonge vya kijivu, vigumu, vimwagie siki. Vikitoa povu, hiyo ni saruji ya mafundi. Povu lisipotoka, usikisie tena, peleka udongo Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha huku Mbeya, ukapimwe.

Ikiwa ni saruji, mwambie kijana aondoe udongo wa sehemu ile yote mpaka vibonge viishe, ajaze udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha mpande vipande vya ukoka mvua zikianza. Tafadhali, majivu ya jikoni yasimwagwe pale. Najua huku kwetu majivu tunayapeleka kila mahali, lakini nayo hupunguza uchachu, yatazidisha tatizo. Kama lazima ununue mbolea baadaye, chukua SA (salfeti ya amonia), ambayo yenyewe huongeza uchachu kidogo kidogo.

Upande wa mbele, ule uliopauka wote kwa pamoja, ni baridi tu. Mafinga ipo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na ukoka ni nyasi ya joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 unaacha kukua na rangi inapotea. Mkipata jalidi, watoto wasikanyage pale asubuhi mpaka jua liiyeyushe, maana majani yaliyoganda hukatika. Maji ya kila jioni nayo ni mengi mno: ardhi inalala imeloa, mizizi inakosa hewa, na ukungu unapata nafasi. Mwagilia asubuhi, mara moja kwa wiki inatosha. Urea ukiimwaga sasa, mizizi haina nguvu ya kuila, na ikikaa juu ya ardhi sehemu yake hupotea hewani. Mbele pale ngoja Novemba.

Agosti nakwenda Iringa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada, nitashuka Mafinga nilale kwenu. Kabla ya hapo nitumie picha ya shimo, na uniambie siki imefanya nini.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Mama Lusajo