Waulizeni bibi zetu kuhusu ngoma

Mhariri,

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye makumbusho madogo ya historia hapa mkoani Dodoma. Chumba ni kimoja tu, lakini kina mambo: zeze la Kigogo, kibuyu cha kusukia maziwa kilichopasuka kikashonwa kwa uzi wa ngozi, na picha za michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ngoma za muheme, ambazo kwetu hupigwa na wanawake wakizibana mapajani, zimewekewa kibao chenye neno moja: “Ngoma”.

“Babu, zinapigwaje?” Mhudumu naye hakujua. Nikajaribu kuonyesha mwenyewe, tukaishia kucheka.

Wapigaji wapo vijijini. Wafuatwe, waulizwe, vibao viandikwe upya.

Msomaji wako,
Dodoma